Acheni kuvunja uchumba kwa sababu ya "ukoo wenye kichaa"

Mshenga mwingine kanipigia. Upande wa kijana, kule Rungwe, wamesikia baba mdogo wa binti aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, sasa wanataka niwahakikishie kama "ule ukoo una kichaa." Binti mwenyewe mzima wa afya. Swali hili limenichosha, kwa sababu nimeona linavyowaacha watu wazuri bila ndoa.

Skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao wengi wenu mnauita kichaa, hufuata damu, sikatai. Ila pigeni hesabu vizuri. Katika watu 100, mmoja hivi huipata maishani. Mwenye baba au mama mgonjwa, ni kama 10 katika 100. Ninyi mnakazania hao 10. Wale 90 je? Na baba mdogo si mzazi, hatari hapo inashuka zaidi. Halafu watazameni pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile: mmoja akiugua, mwenzake huugua katika karibu nusu tu ya visa. Damu ingekuwa inatosha peke yake, wangeugua wote. Tena wagonjwa wengi tunaowahudumia hawana mzazi aliyewahi kuugua. Huo ukoo safi mnaoutafuta mtauchunguza mpaka lini?

Linaloniuma zaidi ni kifafa, ambacho si ugonjwa wa akili lakini mnakiweka kapu moja. Nyumba moja ina watoto wawili wanaoanguka, kijiji kizima kinasema ni ukoo. Huku kwetu nyanda za juu, kuanzia Mbozi hadi Iringa, nguruwe wengi huachwa wazurure na vyoo havitoshi. Mtu mwenye tegu, mnyoo anayepatikana kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, hutoa mayai yake kwenye kinyesi. Mayai yakiingia mdomoni kwa mikono michafu, maji au mboga, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta degedege, wakati mwingine hata kuchanganyikiwa. Hata asiyegusa kitimoto anapata, kwani mayai hayo yanatoka kwa binadamu. Wanaokula na kunawa pamoja huambukizana, ndiyo maana inaonekana kama urithi. Hapo mnamkataa binti wa watu, choo mnakiacha vilevile.

Na sisi wataalamu tusijifanye tunajua yote. Mwaka 1948 daktari wa akili Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayesababisha skizofrenia, na kina mama wakabebeshwa lawama miaka mingi bila ushahidi. Ikaja nadharia ya dopamini, kemikali ya ubongo iliyodhaniwa kuwazidi wagonjwa: klopromazini, dawa inayoizuia, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, nadharia ikafuata nyuma ya dawa. Panado ikikutuliza kichwa, haina maana kichwa kiliuma kwa kukosa panado. Leo tunataja vinasaba, matatizo ya uzazi, mateso ya utotoni, bangi inayoanzwa mapema, na kila kimoja kina ushahidi wake. Lakini mgonjwa mmoja akikaa mbele yangu na mama yake akauliza "kwa nini huyu?", hakuna kipimo cha kumjibu. Namwambia hivyo hivyo, na namwambia pia kwamba dawa zipo na mwanaye anaweza kupata nafuu.

Habari za ukoo zina kazi, ila kazi yake ni kliniki. Baba mdogo alianza kuumwa akiwa na umri gani? Dawa ipi ilimfaa? Ndugu akianza kukosa usingizi, kujitenga na kusikia sauti, mleteni mapema na mje na majibu hayo.