Utosi wa mtoto ukivimba usiupake dawa, mlete

Septemba ni mwezi wa kuelimishana kuhusu saratani za watoto, ndio maana leo tuongee uvimbe wa ubongo kwa vichanga. Swali la kwanza tunaloulizwa hospitali ni mtoto wa miezi miwili kala nini mpaka apate uvimbe? Hajala kitu jamani, wengine wanazaliwa nao, na kwa wachanga kabisa unaoonekana zaidi unaitwa teratoma. Sio kosa la mama wala sio jirani.

Mifupa ya fuvu la kichanga haijashikana bado, kwahiyo uvimbe ukikua kichwa nacho kinatanuka, mtoto anatapika, macho yanaelekea chini kama jua linazama, na utosi unajaa unakuwa mgumu hata akiwa ametulia halii. Utosi ukiingia ndani hayo ni mambo ya kupungukiwa maji, ukiinuka ni presha ya ndani ya kichwa, na dawa ya kupaka haitibu hata kimoja, sijui tuseme mara ngapi. Anafika kwetu utosi mweusi kwa masizi na mafuta, mwezi umeshapita.

Ukienda kliniki omba wampime na kichwa, sio uzito tu. Wengi wanazaliwa na kama sm 35, kinaongezeka kama sm 2 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kikienda mbio zaidi ya hapo omba rufaa. Utosi ukiwa bado wazi tunapitisha ultrasaundi hapohapo, haina mionzi, tunaona kama ni kichwa maji tu au kuna uvimbe umeziba njia ya maji.

Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo, mtoto analazwa usingizi. Ziwa la mama mwisho masaa 4 kabla, ya kopo masaa 6. Ukimnyonyesha kwa kumuonea huruma afu ukatuficha, maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na ukisema ukweli unapangiwa siku nyingine, usigombane na nesi. Njoo na kadi ya kliniki na karatasi ya rufaa.

Chini ya miaka mitatu tiba ya mionzi tunaikwepa sana maana inaharibu ubongo unaokua, tunategemea upasuaji na kwa baadhi dawa za saratani za dripu. Na mtoto wa kilo 5 ana damu kama mililita 400 mwili mzima, chupa ya soda na kidogo juu, kwahiyo wajomba wa kuchangia damu waje kabla ya siku ya upasuaji, sio mtoto akiwa tayari mezani.