Mfumuko umeshuka, mchele wa Kyela haujashuka

"Mwanangu, redio imesema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona mchele wa Kyela pale Mwanjelwa haujashuka?"

Aliyeuliza ni mwalimu mstaafu wa Uyole. Alikuja kwangu na sehemu ya kiinua mgongo chake, akitaka kununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa ilipe riba. Nalipenda swali hili, maana anayelielewa hadanganywi kirahisi na mtu wa kumwahidi faida.

Nikamwambia: Mwalimu, lori lililosheheni likipanda mlima Kitonga hupunguza mwendo, lakini bado linapanda. Kilo ya mchele ikitoka shilingi 2,000 hadi 2,200 kwa mwaka, mfumuko ni asilimia 10. Mwaka unaofuata ikifika 2,266, mfumuko umeshuka hadi asilimia 3, na mchele umepanda tena. Halafu kapu la bidhaa na huduma ambalo bei zake hupimwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni la nchi nzima: lina nauli, pango, mavazi, mawasiliano. La mstaafu limejaa chakula na dawa. Ndiyo maana kila mteja wangu huanza kwa kuandika matumizi yake ya mwezi kwenye daftari.

Tuseme benki inakupa asilimia 8 kwa amana ya mwaka. Kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ikichukua asilimia 10 ya riba hiyo, unabaki na 7.2. Mfumuko ukiwa 3.3, uwezo wako wa kununua umekua kwa chini ya asilimia 4. Hiyo ndiyo faida yako.

Baada ya mfumuko naangalia Riba ya Benki Kuu, ambayo Benki Kuu huitumia kuongoza riba za nchi, inayotumika tangu Januari 2024. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Kisha nasoma matokeo ya minada ya hatifungani, na hapa ndipo wengi huumia. Kabla ya Aprili 2022, hatifungani mpya ya miaka 25 ililipa asilimia 15.95, baadaye ikawa 12.56. Aliyeshika ya zamani akawa na mali inayogombewa. Sasa igeuze. Unayo ya shilingi milioni 1 inayokulipa 125,600 kwa mwaka, imebakiza karibu miaka yote 25, na wanunuzi wanadai asilimia 15. Ili wapate asilimia hiyo kwa malipo yako yasiyobadilika, watakupa kama 840,000. Ukingoja hadi mwisho, serikali itakulipa milioni yako kamili. Anayeumia ni yule anayelazimika kuuza katikati ya safari.

Pato la taifa nalisoma pia, ila hutoka limechelewa. Sijawahi kununua wala kuuza kwa sababu yake peke yake.

Nikamuuliza Mwalimu ni fedha ipi ataihitaji karibuni. Akafikiri. Goti lake linasubiri operesheni, na mjukuu anaingia kidato cha tano. Hizo mbili tukaziweka kwenye amana ya miezi sita. Iliyobaki ndiyo tuliyoipeleka mnadani.