Aloi ya alumini: trei ya keki imetiwa nini?

Ukisimama kwenye kibanda cha vyombo mjini Kampala, ukaokota trei ya kuokea na kuuliza ni ya nini, muuzaji hakawii: "Hiyo alumini safi, mama. Safi kabisa." Anaisifu. Lakini kama maneno yake yangekuwa kweli tupu, ningeirudisha trei mahali pake. Alumini safi ni laini. Pembe yake hupinda ukiikandamiza kwa dole gumba, na siku utakapoitoa kwenye oveni ikiwa imebeba mikate sita, itabonyea katikati kama machela. Trei nzuri imetiwa kitu kingine, kidogo, kwa makusudi, na kwa sababu ya kitu hicho inaitwa aloi.

Aloi ni metali iliyoyeyushwa pamoja na metali nyingine, au na kitu kisicho metali, hadi vikawa kitu kimoja chenye tabia yake. Si kama mahindi na maharage ambayo ukitaka unayachambua kwenye ungo. Ni kama chai iliyokwisha kutiwa maziwa. Chuma kikitiwa kaboni kidogo huwa feleji. Alumini nayo hupokea wageni wengi: manganizi, magnesi, silikoni, shaba, zinki. Kila mmoja huibadilisha kwa namna yake.

Inakuwaje kiasi kidogo hivyo kibadilishe ugumu? Atomu za alumini zimejipanga kwa matabaka, na ukiipinda metali, matabaka hayo huteleza moja juu ya jingine, mfano wa sahani zilizorundikwa zikiwa bado na maji. Nyunyiza mchanga kati ya sahani hizo, hazitelezi tena kirahisi. Atomu ngeni, iliyo kubwa au ndogo kuliko jirani zake, ndiyo punje ya mchanga. Asilimia moja yatosha. Ila mchanga huohuo hukwamisha pia njia ya joto, kwa hiyo anayechagua aloi ya trei huwa anauza joto kidogo ili anunue ugumu. Swali ni kuuza kiasi gani.

Aloi za alumini zinazotengenezwa kwa bamba huitwa kwa namba za tarakimu nne, mtindo uliotoka Marekani na kuenea duniani. Tarakimu ya kwanza inataja mgeni mkuu. Familia ya 1 haina mgeni, ni alumini ya asilimia 99 au zaidi. Ya 2 ina shaba, ya 3 manganizi, ya 4 silikoni, ya 5 magnesi, ya 6 magnesi pamoja na silikoni, ya 7 zinki. Anayeoka keki nyumbani hana haja ya kuzikariri. Akumbuke moja tu: 3003.

Hiyo ndiyo aloi ambayo viwanda vingi huichagua kwa trei, bati la mkate na vibati vya keki ndogo. Ndani yake mna manganizi kati ya asilimia 1 na 1.5, shaba isiyozidi asilimia 0.2, masalia ya chuma na silikoni, na alumini kwa sehemu yote iliyobaki. Manganizi hiyo huiongezea nguvu kwa takriban sehemu moja ya tano ukiilinganisha na 1100, ambayo ni alumini karibu safi. Sehemu ya tano si nyingi kwa mtu anayejenga daraja, lakini kwa trei ni tofauti kati ya ile inayobaki bapa na ile inayopindapinda. Na bado bamba linakubali kusukumwa na presi likawa chombo chenye kina bila kupasuka kwenye kona. Wauzaji wa bamba hutaja pia ugumu wa kuanzia: herufi O nyuma ya namba ina maana bamba limelainishwa kwa moto, linafaa kuvutwa likawa bakuli, H14 limepitishwa kwenye rola likakaza, linafaa trei bapa inayokunjwa pembeni tu. Fundi akikosea hapo, namba sahihi haimsaidii.

Na joto? Alumini safi hupitisha joto kwa kipimo cha wati 235 hivi kwa mita kwa kila digrii. 3003 iko kati ya 160 na 190, kutegemea ilivyokazwa. Chuma cha kawaida kiko karibu 50, na chuma kisichoshika kutu hakifiki 20. Kwa hiyo 3003 imepoteza kiasi, lakini inavizidi mbali vyombo vya chuma. Kwetu hili lina uzito wa pekee, maana wengi tunaokea kwenye oveni ya mkaa. Makaa hayakai sawasawa hata uyapange vipi. Kuna kona inayowaka na kona iliyolala. Trei inayotawanya joto haraka hukufichia kosa hilo, ile isiyotawanya hukuchorea ramani ya jiko chini ya keki.

Ndugu wa karibu wa 3003 ni 3004, iliyoongezwa magnesi ya karibu asilimia 1. Kiwiliwili cha kopo la soda hutengenezwa kwa aloi hiyo au inayofanana nayo. Kifuniko cha kopo hilohilo ni cha familia ya 5, chenye magnesi asilimia 4 hadi 5, kwa sababu lazima kivumilie kuvutwa na kile kipete. Kopo moja, aloi mbili, na mtoto anayeliokota barabarani anauza zote kwa kilo.

Kuna majisifu mengine ya sokoni yanayonichekesha zaidi ya "safi kabisa": kwamba chombo kimetokana na bati la ndege. Watu husikia ndege wakafikiri ubora. Alumini ya ndege ni ya familia ya 2 na ya 7. Aloi ya 2024, kwa mfano, ina shaba kati ya asilimia 3.8 na 4.9, na shaba hiyo huifanya iliwe na unyevu kwa wepesi, hata mabati yake mara nyingi hufunikwa ngozi nyembamba ya alumini safi ili yasiharibike. Isitoshe, nguvu za aloi hizi hutokana na kupashwa joto kwa kipimo maalumu kiwandani. 7075 hukazwa kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Ukiitia katika oveni ya nyuzi 200 kila siku, unaufuta ugumu ulioulipia. Ndege haichomwi mkate ndani yake. 3003 haina shida hiyo, kwa sababu ugumu wake hautokani na kupashwa joto.

Yote hayo ni habari ya bamba. Vyombo vya kumimina, yaani vinavyopatikana kwa kumimina alumini iliyoyeyuka kwenye kalibu, vina habari yake, na hapa ndipo tunapofika Katwe.

Katwe, jijini Kampala, ni mtaa wa mafundi wa chuma: majiko, mashine za kusaga, oveni za mkaa, na huko huyeyushwa pia alumini chakavu ikamiminwa kwenye kalibu za mchanga. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo mkaa na feni huliweza. Kutokana na kazi ya namna hii tunapata sufuria nene na vyombo vizito vya keki. (Neno sufuria lenyewe asili yake ni Kiarabu, na lilihusu shaba. Chombo kikabadili metali, jina likabaki, Waganda wakalichukua wakasema sefuliya.)

Aloi ya kumimina hutaka silikoni. Silikoni huifanya metali iliyoyeyuka itiririke kama maji hadi kwenye kila pembe ya kalibu, na hupunguza kusinyaa inapoganda. Ikikaribia asilimia 12.6, mchanganyiko huyeyuka kwenye nyuzi 577 tu. Viwanda vinavyomimina vyombo vya chakula huchagua aloi yenye silikoni nyingi na shaba kidogo sana. Aloi iitwayo LM6 ina silikoni asilimia 10 hadi 13 na shaba isiyozidi asilimia 0.1.

Fundi wa mtaani hanunui aloi, ananunua chakavu. Sina nia ya kumdharau. Mikono yake naiheshimu, na sufuria ya bibi yangu ilipita mikono ya namna hiyo. Lakini chakavu nayo ni aloi, tofauti ni kwamba hakuna aliyeichagua. Rimu ya gari ni metali nzuri kwa kazi hii: kwa kawaida ina silikoni asilimia 7 hivi, magnesi kidogo, shaba chache. Waya mnene wa umeme ni alumini ya asilimia 99.5. Fremu za madirisha ni za familia ya 6, nazo hazina ubaya. Ganda la giaboksi, kwa upande mwingine, huwa na shaba asilimia 3 hadi 4 na zinki juu yake. Pistoni ina shaba na nikeli. Rejeta kuukuu inaweza kuja na solda, na solda ya zamani ina risasi (ile metali nzito, si ya bunduki). Kuna hata vipande vya mashine vilivyotiwa risasi kwa makusudi ili vikatike vizuri kwenye lethi. 2011 ni mojawapo. Vyote vikiingia chungu kimoja, kinachomiminwa kinang'aa vilevile, na hakuna jicho la kukitofautisha.

Risasi ndiyo inayostahili hofu, hasa kwa watoto, kwa kuwa hudhuru ubongo hata kwa kiasi kidogo. Viwango vya Ulaya vya alumini inayogusa chakula haviruhusu risasi izidi asilimia 0.05. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea, na takriban theluthi moja vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kwa hiyo nikinunua cha kumiminwa simuulizi fundi kama ni alumini safi. Namuuliza: "Mzee, hii umeyeyusha nini?" Anayechagua chakavu yake atakuambia bila kusita, rimu na waya, na pengine atakuonyesha lundo lenyewe. Anayesema "alumini tu", namshukuru na kuendelea na safari.

Alumini yenyewe nayo huhamia kwenye chakula kidogo kidogo. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, iliweka mwaka 2011 kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki. Mkate na keki ya kawaida havichomoi alumini nyingi, kwa sababu metali hii hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba wa oksaidi mara inapogusa hewa. Utando huo ni mgumu lakini una maadui wawili, asidi kali na magadi. Nilijifunza la kwanza kwa keki ya limau niliyoiacha usiku kucha kwenye chombo cha kumimina nilichonunua kwa haraka: asubuhi chini yake palikuwa pa kijivu, na ladha kama ya sarafu. Pasheni, nanasi na nyanya ni vilevile. Tandika karatasi ya kuokea. Ukikosa, jani la ndizi, lile ambalo Uganda hutandikwa sufuriani chini ya matoke, hufanya kazi hiyohiyo.

La pili ni jivu. Wengi tumelelewa tukisugua sufuria kwa jivu hadi zikang'aa kama kioo, na mama mkwe akipita anatazama kwanza sufuria ndipo akutazame wewe. Jivu lina magadi ndani yake. Linang'arisha kwa kuula ule utando, na kila ukisugua chombo kinakuwa chembamba kidogo. Kwa trei ya 3003 tumia sabuni na sponji laini. Weusi unaotokea ukichemshia maji matupu si sumu, ni oksaidi iliyochafuka tu. Zipo trei ambazo utando wake umenenepeshwa kiwandani kwa umeme, za kijivu kizito. Hizo huhimili asidi zaidi, mradi usizikwaruze. Na ukiona "trei ya alumini" inanasa sumaku, ni chuma kilichopakwa alumini. Mikate mingi ya kiwandani huokwa kwenye bati la namna hiyo, na si kibaya, ila ni kitu kingine na bei yake iwe nyingine.

Limebaki suala la unene, ambalo mimi hulipa uzito sawa na namba ya aloi. Alumini ikipata joto hutanuka sana. Trei ya sentimita 40 ikitoka joto la chumba ikapanda nyuzi 200, hurefuka karibu milimita 2. Ikipata moto upande mmoja kabla ya mwingine, huo urefu unatafuta pa kwenda, na ndipo unaposikia "pang!" ndani ya oveni na biskuti zinahamia kona moja. Bamba la nusu milimita hufanya hivyo karibu kila mara. La milimita 1 lenye ukingo uliokunjwa juu ya waya hutulia. Ndiyo maana kabla ya kulipa napapasa ukingo wa trei kwa kidole, nikitafuta waya ndani ya mkunjo.