Mwanao si teja: kuhusu kuacha dawa za mfadhaiko

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mzazi aliyesoma: eti mtu aliyemeza dawa za mfadhaiko miaka mingi amekuwa teja. Ushahidi huwa ni ule ule. Aliacha vidonge siku tatu, akaanza kutoka jasho, kichwa kizunguzungu, analia ovyo, usiku halali. "Sista, si hiyo ndiyo arosto ya teja aliyekosa unga?" Na kwa kuwa tuko Malindi, mji uliozika vijana wake kwa sababu ya unga wa heroini, na kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye unga huo, iko papa hapa hospitalini, neno hilo likishatamkwa nyumbani vidonge hutupwa chooni usiku huo huo. Hapo ndipo ninapokasirika, maana kuvitupa ghafla ndiko kunakoleta mateso mnayoyaogopa.

Teja huutafuta ulevi wake. Dozi ya jana haimtoshi leo, na ataiba sufuria ya mamake aipate. Sijaona mgonjwa wa sertralini, mojawapo ya dawa za mfadhaiko, akiuza simu ili ameze kidonge cha pili. Kilichompata ni mazoea ya mwili: ubongo umekaa na dawa miaka, umejipanga kuizunguka, na ikiondolewa kwa siku moja unabaki unayumba mpaka ujipange upya. Atenololi ya presheni nayo ukiiacha ghafla moyo unaweza kuenda mbio na presheni kupanda, na hakuna anayemwita bibi yake teja wa presheni.

Dalili zenyewe mnazijua: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, hasira za haraka, mwili kuuma kama mwenye homa. Wengine husikia stima ikipita kichwani, hasa wakigeuza macho upande. Hiyo ya stima huwatisha sana, na wengine hupelekwa kusomewa kabla hawajaletwa kwetu. Kusomewa sikukatazi. Ninachoomba ni kwamba dawa isikatizwe kwa sababu ya kusomewa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko hilo la uteja, kwa sababu hili hata wahudumu wenzangu hulikosea. Mtu anapunguza dozi, wiki hiyo hiyo anaumwa, anaambiwa: "Unaona? Ugonjwa umerudi. Hizi dawa ni za maisha." Huenda umerudi. Lakini tazameni kalenda kwanza. Dalili za kuacha dawa huja mapema, mara nyingi ndani ya siku chache baada ya kupunguza. Mfadhaiko ukirudi, kwa kawaida hurudi polepole, kwa wiki na miezi: hamu ya chakula inapungua, mtu anaacha kwenda msikitini, anaacha kujibu simu. Stima ya kichwani na kizunguzungu si tabia ya mfadhaiko. Tena mrudishie dozi ile ya juzi: kama ni dalili za kuacha, mara nyingi atatulia ndani ya siku chache, ilhali mfadhaiko wenyewe huchukua wiki kadhaa kuitikia dawa.

Hata hivyo mpaka huo hauko wazi kila mara. Wasiwasi, machozi na kukosa usingizi viko pande zote mbili. Na fluoksetini, dawa nyingine ya mfadhaiko, huvuruga hesabu yote, kwa sababu hukaa sana mwilini. Dalili zake zaweza kuchelewa wiki kadhaa, wakati mtu ameshasahau kwamba aliacha dawa. Wako wagonjwa niliokaa nao, faili mbele yetu, nikashindwa kusema ni lipi kati ya mawili. Hapo tunarudi dozi ya nyuma, tunangoja, tunatazama.

Kuruka siku nako. Nani aliyewafundisha watu wa pwani kuacha dawa kwa kumeza leo na kuacha kesho? Kila duka la dawa nasikia ushauri huo. Paroksetini, nayo ya mfadhaiko, hupungua kwa nusu mwilini kwa takriban siku moja, na venlafaksini kwa saa chache tu. Ukiruka siku unaupandisha na kuushusha ubongo kila kukicha. Unajipa dalili za kuacha dawa mara kwa mara na wala hujaiacha. Fluoksetini pekee huvumilia mchezo huo, kwa ajili ya ule ukaaji wake. Nyingine zote, meza kila siku, ila kiasi kidogo zaidi.

Kidogo kiasi gani? Hapa ndipo wengi huanguka, tena wakiwa wanakaribia kumaliza. Watu hufikiri kutoka miligramu 20 hadi 10, kisha 5, kisha basi, ni ngazi zinazolingana. Hazilingani. Watafiti Mark Horowitz na David Taylor walilieleza vizuri mwaka 2019. Sitalopramu, nayo ya mfadhaiko, kwa miligramu 20 hushika karibu asilimia 80 ya vinasa serotonini vya ubongo, yaani mahali dawa inapofanyia kazi. Ukishuka hadi karibu 9, bado asilimia 70. Hata kwenye miligramu 3 na kitu, nusu bado imeshikwa. Kwa hiyo aliyetoka 20 hadi 10 amepoteza kidogo, naye aliyetoka 5 hadi sifuri ameanguka kutoka zaidi ya nusu. Chai ya vijiko vitano vya sukari ukipunguza kimoja hakuna mgeni atakayejua. Ya kijiko kimoja, ukikiondoa, kila mtu atauliza. Ndiyo maana ngazi za mwisho huwa ndogo kuliko za mwanzo, na kwa aliyemeza miaka mingi kazi hii huenda miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kila ngazi ngoja wiki mbili hadi nne, na ikikulemea rudi ile ya nyuma kisha ushuke kwa hatua ndogo zaidi.

Vitabu huishia hapo. Kwetu kuna shida ya kidonge chenyewe. Mama mmoja alinifungulia kipande cha gazeti: sertralini aliyoikata kwa kisu cha samaki, kipande kimoja karibu nusu, kingine chembe, na unga mweupe umejaa kwenye mkunjo. Alikuwa amefuata maagizo yote, ila hajui siku gani alimeza ngapi. Kata kidonge kimoja, maliza vipande vyake vyote ndipo ukate kingine. Angalau jumla yake itabaki sawa. Zile kapsuli za venlafaksini zinazoyeyuka polepole msisage chembe zake kabisa. Dawa ya maji ingeturahisishia sana, ila si kila duka huwa nayo.

Niseme pia ambayo hayajatulia. Uchambuzi mmoja wa 2019 ulisema zaidi ya nusu ya wanaoacha hupata dalili. Mwingine wa 2024 ukasema karibu asilimia 31, na walioacha vidonge vya majaribio visivyo na dawa ndani nao asilimia 17, kwa hiyo dawa yenyewe inabeba kama mmoja kati ya sita au saba. Lakini tafiti nyingi kati ya hizo ni za watu waliomeza kwa muda mfupi, na wangu wengi wamemeza miaka. Hata hizo ngazi ndogo za mwisho zimejengwa zaidi juu ya picha za ubongo na hesabu kuliko majaribio makubwa. Ninazitumia kwa sababu naona watu wakishuka salama.

Wala si kila mtu ashuke. Utafiti wa Uingereza wa 2021 uliwafuata watu waliomeza muda mrefu, wakajiona wazima kiasi cha kuacha. Ndani ya mwaka mmoja mfadhaiko uliwarudia 56 katika kila 100 ya walioacha, na 39 ya walioendelea. Kwa aliyewahi kuugua mara nyingi, au kujaribu kujiua, kubaki na dawa ni uamuzi wa heshima, na sitaki asikie kwamba ameshindwa.

Msianze kupunguza Ramadhani. Usingizi umekatika kwa daku, mwili una kiu, na hatutajua kizunguzungu ni cha saumu au cha dawa. Wanaomeza amitriptilini, dawa nyingine ya mfadhaiko, huiacha mwezi huo kwa sababu ya kinywa kukauka; njooni kabla ya Shaabani kuisha tuhamishie dozi usiku na tuangalie kiasi chake.

Mtu mmoja nyumbani aandike tarehe ya kila punguzo, na yanayomtokea mgonjwa baada yake. Akisema anataka kufa, wekeni daftari kando mumlete siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.