Mbolea ya mimea ni nini, na kwa nini si kila jani hulisha shamba

Mbolea ya mimea ni jina la jumla la kila kitu kitokacho kwenye mmea, yawe majani, mabua, maganda, makapi au mmea mzima ungali mbichi, ambacho mkulima hukirudisha ardhini kwa kusudi la kuongeza rutuba. Si samadi, maana samadi imepita kwanza tumboni mwa mnyama. Wala si mbolea ya viwandani, ambayo huyeyuka kwa maji na kufyonzwa na mizizi baada ya muda mfupi. Jani lazima lioze kwanza.

Likitandazwa juu ya ardhi huitwa matandazo, likirundikwa na kuozeshwa kabla ya kupelekwa shambani huwa mboji, na likifukiwa bichi huitwa mbolea ya kijani. Wengi huzichukulia njia hizi tatu kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo makosa huanzia.

Wanaoozesha jani ni bakteria na kuvu waishio udongoni. Viumbe hao hula kaboni ili wapate nguvu, lakini ili waijenge miili yao wanahitaji naitrojeni pia. Wakipewa majani machanga na laini yenye naitrojeni nyingi, hushiba na kuiacha ya ziada, ambayo mazao huitumia. Wakipewa mabua makavu ya mahindi, ambayo kaboni yake mara nyingi huzidi naitrojeni kwa zaidi ya mara 50, huipokonya ardhi naitrojeni iliyokuwemo, na mahindi yaliyopandwa papo hapo huwa ya manjano kwa majuma kadhaa, ingawa mwenye shamba anaamini ametia mbolea. Kwa makadirio, kitu chenye kaboni isiyozidi mara 25 ya naitrojeni yake hulisha mazao mapema, na kilichozidi hapo hukopa kwanza. Mabua basi yanafaa zaidi yakiwa matandazo, kwa kuwa juu ya ardhi huoza polepole, huzuia mmomonyoko na hutunza unyevu bila kugombania chakula na mizizi.

Mfano mzuri wa jani linalolisha ni tithonia, kichaka chenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti, ambacho huota kando ya barabara na mipaka ya mashamba sehemu nyingi za Uganda. Majani yake yakikauka huwa na takribani asilimia 3.5 ya naitrojeni, asilimia 4 ya potasiamu na asilimia 0.37 ya fosforasi. Tani moja ya majani makavu hutoa, kwa hiyo, kilo 35 hivi za naitrojeni. Lakini majani mabichi sehemu kubwa ni maji, na kuipata tani hiyo moja kavu huenda kukahitaji kukata na kubeba tani tano, kazi ambayo mara nyingi huwaangukia wanawake na watoto. Kwa maoni yangu, tithonia inafaa zaidi bustani ya mboga iliyo karibu na nyumba kuliko shamba kubwa la mahindi.

Tena tithonia si jamii ya mikunde, yaani mimea kama maharage na kunde, na haivuti naitrojeni hewani. Inachota tu rutuba ya pale ilipoota, nasi tunaihamisha. Jambo hilo hilo huonekana kwenye migomba, ila kwa upande wa hasara. Migomba huhitaji potasiamu nyingi, na kila mkungu wa matoke unaosafirishwa hadi Kampala huondoka na sehemu yake, kisha maganda huishia kwenye marundo ya taka sokoni. Majani na mashina yaliyobaki shambani hurudisha kiasi fulani, wala hayatoshi. Makapi ya kahawa kutoka mashine za kukoboa yana potasiamu nyingi na huwasaidia wakulima wengi wa migomba, ila yasitandazwe kwenye shamba la kahawa bila kujulikana yalikotoka, kwa sababu huweza kubeba kuvu wa mnyauko wa kahawa, ugonjwa ulioangamiza kahawa nyingi ya aina ya robusta nchini tangu miaka ya 1990.

Naitrojeni mpya kabisa huletwa na mikunde, kama marejea na fiwi, kupitia bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi yake. Hufukiwa inapoanza kuchanua, kabla shina halijawa gumu. Gharama yake ni msimu, kwa kuwa shamba linaloota marejea halioti chakula, na mwenye robo ekari hawezi kuambiwa kwa urahisi aliache. Kwake ni afadhali kupanda fiwi katikati ya mistari ya mahindi, baada ya mahindi kushika nguvu.

Fosforasi haiko hewani, na majani yana kidogo mno. Kwenye udongo mwekundu uliochakaa wa maeneo mengi ya Buganda, mboji huuwezesha udongo kushika virutubisho ambavyo vingechukuliwa na mvua, lakini fosforasi iliyopungua hairudi kwa majani ya shamba hilo hilo. Hapo mkulima hutia majani yake pamoja na kiasi kidogo cha mbolea ya fosfati ya dukani.