Mtoto analala tu, huo ubongo unafanya nini? Maswali ya akina mama

Mwanangu ana miezi miwili anashinda amelala, mama mkwe anataka nimwamshe acheze asije akawa mzembe. Ni kweli?

Muache alale dada. Chini ya miezi mitatu mtoto analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku, na kuanzia miezi 4 mpaka 11 ni masaa 12 mpaka 16 ukijumlisha na wa mchana. Ila wale wa wiki za mwanzo, ambao hawajarudisha uzito wa kuzaliwa, hao unawaamsha wanyonye.

Mbona akilala anakunja sura, anacheka, macho yanazunguka?

Karibu nusu ya usingizi wa kichanga uko hivyo, sisi wakubwa ni kama robo tu. Akiguna usikimbilie kumbeba, subiri kidogo, mara nyingi anaendelea zake kulala.

Na kumbukumbu inaingiaje hapo?

Hapa ndo penyewe, na natamani kila mama apajue. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Sabine Seehagen wa chuo kikuu cha Bochum Ujerumani walichukua watoto wa miezi 6 na 12 wakawaonyesha mdoli wa mkononi aliyevaa glavu, mtu anaivua, anaitikisa, anamrudishia, basi. Baadae wakawapa watoto mdoli waone watafanya nini, na waliolala angalau nusu saa ndani ya masaa manne baada ya kuonyeshwa ndo waliokumbuka na kuiga, ambao hawakulala ilikuwa kama hawajawahi kumuona huyo mdoli. Yani jambo jipya linapita kwanza hipokampasi, kisehemu kilichoko ndani ya ubongo, alafu usingizi unasaidia kulikaza lisipotee. Kwaiyo ukimuimbia au ukimuonyesha kitu kipya kisha akasinzia, hujapoteza muda hata kidogo.

Kama wanakumbuka, mbona mimi sikumbuki chochote cha uchanga wangu?

Kumbukumbu zinaingia ila hazidumu. Mtafiti Carolyn Rovee-Collier kule Marekani alifunga utepe toka mguuni kwa mtoto mpaka kwenye midoli inayoning'inia juu, akirusha teke midoli inacheza, na wa miezi mitatu waliukumbuka mchezo huo kama wiki moja hivi. Ndo maana wimbo uleule kila siku una faida.

Jirani anampa wake sirapu ya mafua ili alale usiku. Na mimi nijaribu?

Hapana, tafadhali sana. Hizo dawa zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto mchanga, na kuamka usiku kunyonya kwa umri huo ni kawaida kabisa. Mlaze chali, godoro lisibonyee, mito na mablanketi mazito weka mbali. Marekani walianza kuhimiza watu kulaza watoto chali mwaka 1994 na vifo vya ghafla usingizini vikashuka karibu nusu.

Nitajuaje huu usingizi sio ugonjwa?

Amelegea, haamki kirahisi, amegoma kunyonya, joto limepanda au mwili umepoa sana, au degedege. Hapo usingoje asubuhi, wahi kituo cha afya usiku huohuo.