Waranti ya Nyumba Marekani: Unanunua Nini Hasa?

Aliyezoea kununua friji Kariakoo anajua waranti ni ile karatasi anayopewa dukani bila kuilipia: friji ikileta matata ndani ya mwaka, anairudisha. Kwa hiyo Mswahili anayenunua nyumba yake ya kwanza Dallas au Columbus, akisikia dalali anasema nyumba "ina waranti", moyo unatulia. Anadhani nyumba nzima imedhaminiwa. La hasha.

Waranti ya nyumba ni mkataba wa huduma wa mwaka mmoja mmoja. Unailipa kampuni ada, nayo inaahidi kuleta fundi pale vitu vilivyoorodheshwa vinapoharibika kwa kuchakaa: kiyoyozi, mtambo wa kupasha nyumba joto, tangi la maji ya moto, mabomba, nyaya za umeme, jiko, friji, mashine ya kuoshea vyombo. Paa na kuta kwa kawaida hazimo. Biashara yenyewe si ya zamani sana. American Home Shield, inayotajwa kuwa mwanzilishi wake, ilianza 1971. Sheria ya Texas huuita mkataba wa huduma za makazi, na kwangu mimi hilo ndilo jina la haki.

Wengi huichanganya na bima. Bima ya nyumba hulipa majanga: moto, upepo mkali, wizi, na benki iliyokukopesha haitakubali ukae bila bima hiyo. Waranti hakuna anayekulazimisha. Bomba likipasuka ghafla maji yakaharibu sakafu, sakafu ni ya bima, ila kubadilisha bomba lenyewe ndiko kunakoangukia kwenye waranti. Na kama nyumba ni mpya, mjenzi mara nyingi huwa ametoa dhamana yake: mwaka mmoja kwa kazi ya mikono, miwili kwa mifumo ya umeme na maji, hadi kumi kwa msingi na nguzo. Kununua nyingine juu ya hiyo mwaka wa kwanza ni kulipa mara mbili.

Bei huwa kati ya dola 350 na 700 kwa mwaka, pengine zaidi. Halafu kuna ada ya kila fundi anapokuja, dola 75 hadi 125 hivi, na mara nyingi unailipa hata akiangalia na kukwambia, "Hiki hakimo."

Sasa kwa nini hakimo? Hapa ndipo watu hulia. Chukua kiyoyozi cha Houston mwezi wa saba, joto limepita nyuzi 35. Fundi anatumwa na kampuni, si wewe uliyemchagua, na anayemlipa ndiye anayemsikiliza. Anaweza kuandika kwamba kiyoyozi hakikusafishwa ipasavyo, au ubovu ulikuwepo kabla hujasaini; kwa lolote kati ya hayo madai yanakataliwa. Wakikubali, kuna kikomo. Tuseme mkataba unalipa hadi dola 2,000 na mtambo mpya ni 8,000: hizo 6,000 ni zako. Viyoyozi vingi vilivyotengenezwa kabla ya 2010 hutumia gesi ya R-22, ambayo tangu 2020 hairuhusiwi kuzalishwa wala kuingizwa Marekani. Iliyobaki ni ghali, na mikataba mingi hulipia gesi kiasi kidogo tu kwa kila ratili. Kurasa za mambo yasiyolipiwa ndizo za kusoma kwanza, kabla hata ya bei.

Kwa hiyo ununue au usinunue? Anza na ripoti ya mkaguzi wa nyumba, uangalie umri wa vyombo. Tangi la maji ya moto huishi miaka 8 hadi 12, kiyoyozi kama 15. Vikiwa vimekaribia huko, na akiba yako yote imeishia kwenye malipo ya awali ya nyumba, mkataba wa mwaka mmoja unaweza kukupa nafasi ya kupumua. Muuzaji akikubali kukulipia mwaka huo, na hili hutokea sana, pokea bila kusita. Lakini kama vyombo ni vya miaka mitatu minne, fungua kibubu: dola 50 kila mwezi ni 600 kwa mwaka, na kisipoharibika kitu pesa bado ni yako. Fundi utamchagua mwenyewe, pengine yule yule anayesali nawe.

Ukishahamia, tegemea barua yenye maandishi mekundu inayodai waranti yako inakaribia kwisha, piga simu leo. Inaweza kutaja hata jina la benki yako. Usishtuke, rekodi za mauzo ya nyumba kwa kawaida ziko wazi kaunti, yeyote anaweza kuzisoma. Kama hukuwahi kusaini mkataba wowote, hakuna kinachokwisha.